Kucheza Gofu ni Kimoja, Kuifundisha ni Kingine

Ipo dhana iliyoota mizizi katika shule zetu na katika viwanja vyetu vya michezo, nayo ni kwamba mtu akilijua jambo vyema, basi anaweza pia kulifundisha. Aliyekuwa mwanasoka hodari hukabidhiwa timu ya shule bila ya kuulizwa swali lolote. Aliyepata alama ya juu katika hisabati hutarajiwa kuwa mwalimu bora wa hisabati. Naye aliyeshinda vikombe viwili vitatu vya gofu huzungukwa na watu wanaotaka awafunulie siri yake. Naamini kwamba dhana hii imetugharimu mengi, na ningependa kuijadili kwa kuutumia mchezo ambao nimeupenda kwa zaidi ya miaka thelathini, ingawa wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, walimu kwa wanafunzi, huenda hawajawahi kuishika hata fimbo yake.

Sababu ya kulizungumzia jambo hili sasa si ngumu kuielewa. Mwezi Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, wakaanza masomo ya sekondari pevu ambayo yamegawanywa katika mikondo mitatu. Mmoja wa mikondo hiyo ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa hatua hiyo michezo imeketishwa meza moja na sayansi na masomo ya jamii, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini swali linabaki: ni nani atakayeifundisha michezo hiyo, na je, yeye mwenyewe amefundishwa kufundisha?

Anayesafiri kutoka Nairobi kwa ile barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, hupitia Ruiru kabla ya kufika Thika. Miji hii miwili ina mambo mengi yanayofanana. Yote ilizungukwa na mashamba makubwa, ya kahawa huku Ruiru na ya mananasi kule Thika, na sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa sasa imegeuka mitaa ya nyumba za kupangisha. Tena, kila mmoja una klabu ya michezo yenye uwanja wa gofu wa mashimo 18. Watoto wanaolelewa kando ya viwanja hivyo huufahamu mchezo huu mapema, lakini huufahamu wakiwa upande wa pili wa ua. Wachache huingia ndani, na wengi wa hao wachache huingia wakiwa wamebeba mifuko ya fimbo za watu wengine. Hao ndio tunaowaita makedi.

Mimi nami niliupata mchezo huu kwa njia hiyo, nikibeba mifuko huko Ruiru nyakati za likizo. Ukedi ni shule, japo haina kengele wala ubao. Kijana anayetembea na wachezaji wanne kwa saa nne au tano huwaona wakiipiga mipira mamia ya mara. Baada ya miaka michache jicho lake huwa limenolewa kiasi kwamba hujua mpira utakwenda wapi kabla haujaguswa. Nilipopata kazi ya ukarani katika eneo la viwanda la Thika, nilinunua fimbo tatu kuukuu na kuendelea kucheza kila nilipopata nafasi. Kisha wazazi wawili wa mtaani wakaniomba niwafundishe watoto wao siku ya Jumamosi, katika uwanja wa shule, kwa mipira ya plastiki. Hapo ndipo safari yangu ya pili ilipoanza, na ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza.

Watoto hawaridhiki na majibu ya watu wazima. Mmoja wao aliniuliza, “Mwalimu, mpira wangu umeanzia kulia na kisha ukazidi kupinda kulia. Fimbo imefanya nini?” Swali hilo ni la fizikia, na ndilo lililonipeleka vitabuni. Ningependa mwalimu anayesoma makala haya ayafuate kwa makini niliyoyakuta huko, kwa kuwa yanamhusu hata kama somo lake ni historia au Kiswahili.

Kwa miaka mingi vitabu vingi vya gofu na walimu wengi waliohitimu walifundisha kwamba mpira huanza safari yake kwa kufuata njia ambayo fimbo imepita, kisha hupinda kuelekea upande ambao uso wa fimbo ulikuwa umeukabili. Maelezo hayo yanavutia, na kwa macho matupu yanaonekana kuwa kweli. Lakini mwaka 1968 Alastair Cochran na John Stobbs, katika kitabu kilichotokana na utafiti wa wanasayansi wa Uingereza, walionyesha kwamba mambo ni kinyume. Mpira huanza kwa kufuata zaidi upande ambao uso wa fimbo umeukabili, na hupinda pale uso huo unapotofautiana na njia ya fimbo. Hata hivyo, mafundisho ya zamani yaliendelea kutolewa viwanjani kwa miongo kadhaa, hadi mitambo ya rada ilipoanza kuupima mwendo wa mpira na wa fimbo miaka ya 2000, na ubishi ukapungua.

Tazama basi madhara yake. Mwanafunzi ambaye mpira wake ulianzia kulia na kuzidi kupinda kulia aliambiwa kwamba fimbo yake inaelekea mno kulia, na kwa hiyo aivute zaidi kushoto. Alipotii, tofauti baina ya njia ya fimbo na uso wake ilizidi kuwa kubwa, na mpira ukapinda zaidi. Dawa ikamwongezea ugonjwa. Bila shaka mwanafunzi huyo aliambiwa kwamba hasikilizi, ilhali kosa lake lilikuwa kusikiliza mno. Ni wanafunzi wangapi katika madarasa yetu walioitwa wazito wa kuelewa kwa sababu walifuata maelezo yasiyokuwa sahihi?

Kuijua fizikia hiyo kunamsaidia mwalimu, lakini hakumsaidii mwanafunzi moja kwa moja. Mzungusho wa fimbo, ile wachezaji wanayoiita swingi, huchukua takribani sekunde moja tangu fimbo inapoanza kurudi nyuma hadi inapokutana na mpira. Mkutano wenyewe wa fimbo na mpira hudumu kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo hakuna binadamu awezaye kuzifuata amri tano. Lakini nenda kwenye uwanja wowote wa mazoezi usikie wanavyoamriwa wanaoanza: nyoosha mkono wa kushoto, usiinue kichwa, kunja magoti, zungusha nyonga, usikaze vidole! Kila amri huenda ikawa ya kweli. Zikijumlishwa pamoja zinamfanya mtoto asimame kama mti uliopigwa na radi.

Mwaka 1999 Gabriele Wulf, mtafiti kutoka Ujerumani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti waliowafanyia watu wasiojua gofu kabisa. Kundi moja liliambiwa liweke mawazo yake kwenye mwendo wa mikono, na kundi la pili liyaweke kwenye mwendo wa fimbo. Kundi lililoifikiria fimbo lililenga vizuri zaidi, wakati wa mazoezi na hata lilipojaribiwa baadaye. Maana yake ni kwamba mwili hujipanga wenyewe iwapo akili imepewa kazi moja iliyo wazi, nje ya mwili. Anayetaka kumfundisha mtoto kuruka mtaro hamwelezi namna ya kukunja goti. Humwonyesha ng’ambo ya mtaro.

Kwetu Thika na Ruiru si lazima tuende mbali kuitafuta kazi hiyo moja. Ni mwanafunzi gani katika shule zetu asiyewahi kushika fyekeo, lile ambalo vijana huliita slasha, akafyeka nyasi za kiwanja siku ya Ijumaa? Mtoto anayefyeka hafikirii kiwiko chake wala nyonga yake. Huurudisha mkono nyuma, uzito wa mwili ukahamia upande mmoja, kisha hukata nyasi kwa mwendo mmoja uliotulia, na kiwiliwili chote hufuata. Huo ndio mwanzo wa swingi. Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa ameshindwa kabisa kuunyanyua mpira kutoka ardhini, nilimwambia jambo moja tu: usiupige mpira, zifyeke nyasi zilizo chini yake. Mpira wa tatu uliruka. Hakujifunza kitu kigeni siku hiyo. Alitambua kwamba jambo alilokuwa akilifanya tangu darasa la nne lina thamani mahali pengine.

Baadaye niligundua kwamba mbinu hiyo ina historia yake. Harvey Penick wa Austin, Texas, nchini Marekani, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa walimu wakuu wa gofu waliopata kutokea, naye aliwahimiza wanafunzi wake wafyeke nyasi kwa chombo cha namna hiyohiyo. Penick alizaliwa mwaka 1904, akaanza kubeba mifuko ya gofu akiwa na umri wa miaka 8. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alitamani kuwa mchezaji wa mashindano makubwa, hadi siku alipomshuhudia Sam Snead akipiga mpira. Hapo akatambua kwamba mahali pake ni kufundisha. Kwa miongo mingi aliandika katika daftari jekundu yale aliyoyaona kwa wanafunzi wake, na kitabu kilichotokana na daftari hilo kilitoka mwaka 1992, yeye akiwa mzee wa miaka 87 au 88. Aliaga dunia mwezi Aprili mwaka 1995. Wiki moja baadaye mwanafunzi wake Ben Crenshaw, aliyekuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake, alishinda mashindano ya Masters.

Sifa ya Penick ninayotaka tuizingatie si umaarufu wa wanafunzi wake. Ni kwamba alimtazama kila mmoja peke yake. Crenshaw na Tom Kite, wanafunzi wake wawili waliotia fora, walitoka mji mmoja na kukua katika kipindi kimoja, lakini hawakufundishwa kwa namna moja. Wahenga wetu walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mchezaji mahiri anapogeuka mwalimu mara nyingi hufundisha ubawa wake mwenyewe. Husema, “Nitazame mimi, kisha ufanye kama mimi.” Hajui kwamba mwanafunzi aliye mbele yake ana mikono mifupi zaidi, ana mgongo wenye maumivu, au anaogopa kuchekwa.

Mji wa Thika una mtihani mzuri wa kumpima mwalimu wa namna hiyo. Tangu mwaka 1946 mji huu umekuwa makao ya shule ya watoto wasioona, ambayo sifa zake zinajulikana kote nchini. Mwambie mtoto asiyeona, “Nitazame mimi,” uone utafika wapi. Lakini duniani yapo mashindano ya gofu ya watu wasioona. Msaidizi humsimamisha mchezaji mahali panapofaa, humwekea fimbo nyuma ya mpira, humweleza umbali na upande, na mchezaji huipiga swingi yake kwa kuhisi na kusikia. Fimbo ikigeuzwa, ikashikwa upande wa kichwa na kuzungushwa, mpini hupiga mluzi hewani. Ukimwambia mwanafunzi aufanye mluzi huo usikike upande wa mbele wa mahali ulipo mpira, amejifunza jambo kubwa bila ya kuona chochote. Mwalimu anayeweza kulifundisha jambo kwa sikio na kwa mguso amelielewa kweli, na wanafunzi wake wanaoona watanufaika pia.

Jambo jingine ambalo mpenzi wa mchezo hulijua kwa nadra ni namna mazoezi yanavyopangwa. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwamba watu waliochanganya aina tatu za mwendo katika mazoezi yao walikuwa wazito mwanzoni kuliko waliorudia aina moja kabla ya kuhamia nyingine, lakini walipojaribiwa siku kadhaa baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka zaidi. Kijana anayepiga mipira hamsini mfululizo kwa fimbo moja hufurahi na mwalimu wake pia hufurahi. Siku ya mashindano, ambapo kila mpigo una umbali wake na fimbo yake, furaha hiyo huyeyuka. Mwalimu wa hisabati anayetoa maswali ishirini ya aina moja siku moja, na asiyarudie tena hadi mtihani, hana budi kulitafakari jambo hili.

Sasa narudi kwa makedi. Hapa nchini tumewahi kuona mabingwa waliotokana na kubeba mifuko. Seve Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alikuwa mwana wa mkulima aliyebeba mifuko ya wachezaji katika kijiji cha Pedreña, na alijifunza kupiga mpira kwenye mchanga wa ufuo akiwa na fimbo moja ya chuma. Mkenya Jacob Okello alipoteza Kenya Open ya mwaka 1998 katika mchuano wa kuamua mshindi baada ya yeye na mpinzani wake kutoka Argentina kulingana. Tunayakumbuka majina ya wachezaji. Lakini walimu ambao wangeweza kutokana na kazi hiyohiyo tumewaacha wazeeke kando ya viwanja. Pale Thika na Ruiru wapo watu wazima ambao wameziona swingi nyingi kuliko wahitimu wengi wa vyuo vya michezo, na ambao wanapata riziki yao kwa siku wanayoitwa tu. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kedi ni mwalimu. Hilo lingekuwa kurudia kosa lilelile ninalolipinga. Kedi anajua kuona. Hajafundishwa kueleza, kupanga somo, wala kuwalinda watoto. Fimbo inayozungushwa ni chombo cha hatari, na mtu asiyejua kuwapanga watoto ishirini wakiwa mbalimbali hafai kukabidhiwa darasa, hata kama anapiga mpira kwa ufundi wa ajabu.

Wapo watakaosema kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba shule isiyo na madawati ya kutosha haina haja nao. Hoja hiyo ina uzito wake. Uwanja wa mashimo 18 unameza ardhi nyingi na maji mengi, na ada za klabu hazilingani na mishahara ya walimu. Lakini kujifunza swingi hakuhitaji uwanja huo. Kunahitaji kiwanja cha shule, fimbo kuukuu chache, mipira ya plastiki, fyekeo, na mtu anayejua kufundisha. Katika orodha hiyo kitu adimu ni hicho cha mwisho. Isitoshe, nimeitumia gofu kama mfano tu. Weka mahali pake riadha, kuogelea, ushonaji au insha, na hoja itasimama palepale.

Yafaa basi mambo matatu yafanywe. Kwanza, wanaoteuliwa kufundisha mkondo wa michezo wapimwe kwa uwezo wao wa kumfanya anayeanza aendelee, wala si kwa medali walizovaa zamani. Mtihani wenyewe uwe wa vitendo: mpe mtu watoto kumi wasiojua kitu, umtazame kwa mwezi mmoja. Pili, vyuo vya ualimu na wakuu wa mchezo wa gofu wawaandalie makedi wenye uzoefu mafunzo mafupi ya ualimu, ya usalama na ya malezi, wapewe vyeti, na shule ziruhusiwe kuwaalika. Tatu, klabu za miji yetu zitenge alasiri moja ya siku ya kazi, wakati ambapo viwanja vya mazoezi huwa vitupu, kwa ajili ya wanafunzi wa shule za jirani.

Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kiliutoa mwaka 1985 mbuni uitwao Ruiru 11, unaostahimili magonjwa yaliyokuwa yakiwafilisi wakulima. Kazi hiyo haikufanywa na watu waliopenda kunywa kahawa kuliko wengine. Ilifanywa na watu walioutazama mmea kwa miaka mingi, wakauliza unataka nini, wakapima na kuandika. Mwanafunzi naye anastahili kutazamwa kwa subira ya namna hiyo. Walimu wenzangu, somo likiisha tusijiulize ni mambo mangapi tumeyasema. Tujiulize ni jambo gani mtoto anaweza kulifanya leo ambalo jana hakuliweza, na ikiwa halipo, kesho tuseme machache zaidi na kutazama zaidi.